HENRY MAUDSLAY, FUNDI ALIYEKIPA CHUMA KIPIMO (1771–1831)



Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya wasafiri na ya watu waliovumbua dawa. Safari hii tunawaletea maisha ya fundi mumoja wa chuma. Jina lake ni Henry Maudslay, Mwingereza. Wanaoandika historia ya mashini wanamutaja kati ya wa kwanza, lakini kwetu wengi wanashika kazi yake kila siku bila kujua jina lake. Lubumbashi ni muji wa shaba na wa reli. Reli ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa katika tanuru. Tangu wakati ule kulihitajika karakana za kutengeneza magurudumu, ekseli na pampu, na hakuna karakana ya namna hiyo bila turu, ile mashini ya kukereza chuma. Njo habari ya turu tunataka kuisimulia.

Tuko na sababu ingine tena. Pahali pote penye masomo na atelye pamoja, kuna mabishano yasiyokwisha. Wamoja wanasema kwamba sinusi na tangenti ni mambo ya ubao tu, mbele ya mashini hazina faida. Wengine wanasema kwamba anayevaa salopeti ni yule aliyeshindwa na kalamu. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinakosa, na maisha ya mutu huyu yanaonyesha sababu.

UTOTO

Maudslay alizaliwa tarehe 22 Agosti 1771 pale Woolwich, karibu na London. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu katika jeshi, na kisha kuumizwa vitani alipewa kazi ya kulinda gala katika karakana kubwa ya silaha ya Woolwich. Wakati ule magurudumu yalikuwa ya mbao. Katikati ya gurudumu kuna kitovu, na ndani ya kitovu inaingia ekseli. Mafundi walizoea kuchonga mukono wa ekseli uwe mwembamba kidogo kuelekea ncha, na kitovu kilitobolewa vivyo hivyo, kusudi viwili vikae pamoja vizuri. Kwa hiyo ile sura tunayoiita koni ilikuwa ndani ya kazi ya baba yake.

Baba alikufa mwaka 1780, na mutoto alikuwa hajatimiza miaka 9. Kwa umri wa miaka 12 alianza kazi: aliweka baruti katika risasi, pamoja na watoto wengine. Kisha miaka miwili alipelekwa kwa maseremala, na kwa miaka 15 akaingia kwa wahunzi. Pale moyo wake ulitulia. Hakupenda kazi ya kupiga chuma kizito kwa nguvu tu. Alipenda vitu vyembamba, vinavyodai jicho na mukono mwepesi. Wakubwa kwa umri walikuja kutazama namna anavyofanya.

KUFULI LISILOFUNGULIKA

Wakati ule pale London palikuwa fundi mukubwa, Joseph Bramah. Mwaka 1784 Bramah alikuwa amepata hati ya serikali juu ya kufuli la namna mupya. Ufunguo wake ni mirija mudogo wenye mikato kwenye ncha, kila mukato na kina chake. Ukiusukuma ndani, kila mukato unasukuma kipande chake cha chuma mpaka kina kilichopangwa. Kipande kimoja kikienda mbali kidogo, ao kikibaki nyuma kidogo, kufuli halizunguki hata kidogo. Wazo lilikuwa zuri kabisa. Taabu ilikuwa kulitengeneza: kazi yote ilifanywa kwa tupa na kwa jicho, polepole, na kufuli moja lilifikia bei ambayo watu wachache tu waliweza kulipa.

Bramah alisikia sifa za kijana wa Woolwich, akamwita. Ilikuwa mwaka 1789, na Maudslay alikuwa na miaka 18, umri ule ule wa sisi tunaomaliza mwaka huu. Bramah alipomuona alisita. Wafundi wengine pia hawakupenda kufanya kazi na mutu asiyemaliza miaka saba ya kujifunza kama desturi yao. Inasimuliwa kwamba walimupa jiliwa la zamani lililochakaa (lile tunaloita eto), alitengeneze mbele ya mwisho wa siku. Akachomelea meno mapya, akayapiga tupa, akayakaza kwa moto na maji, akalisafisha. Jioni hakuna aliyebishana tena. Kisha mwaka hivi alikuwa musimamizi wa atelye yote.

Katika kufuli lile Maudslay alifahamu jambo moja lililoongoza maisha yake. Mukono wa fundi muzuri unaweza kufanya kipande kimoja kizuri sana. Lakini kipande cha kumi, cha mia, cha elfu? Mukono unachoka, na jicho linachoka. Kwa hiyo alitengeneza mashini ndogo za kukata na kupanga vipande vya kufuli, ili usahihi ukae ndani ya mashini, sio ndani ya vidole. Kufuli moja liliwekwa katika dirisha la duka la Bramah pamoja na ahadi ya gine 200 kwa mutu atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa pale miaka mingi. Ilikuwa tu mwaka 1851, Bramah na Maudslay wote wamekwisha kufa, ndipo Mumarekani A. C. Hobbs alilifungua, naye alitumia saa karibu 51 katika siku 16.

Mwaka 1791 Maudslay alioa Sarah Tindel, aliyefanya kazi nyumbani mwa Bramah, wakazaa watoto wanaume wane. Familia ilikua, lakini mushahara ulibaki shilingi 30 kwa juma. Mwaka 1797 aliomba kuongezewa. Bramah alikataa, bila kufikiri sana. Maudslay aliaga, akafungua atelye ndogo yake mwenyewe katika njia ya Wells Street. Kufuli lilibaki na jina la Bramah mpaka leo. Jina la aliyefanya mashini zake halikuandikwa juu yake.

SHARIO NA VISI

Zamani, mwenye kukereza alishika kisu kwa mikono yake miwili, akakiegemeza kwenye kizuizi, akakikaza juu ya chuma kinachozunguka. Kama mukono unatetemeka, kipande kinatetemeka. Watu wengine mbele ya Maudslay, huko Ufaransa na Uingereza, walikwisha kujaribu kukifunga kisu katika kiti kinachotelezeshwa, na wengine walikwisha kukata visi kwa mashini. Hatusemi kwamba yeye alivumbua yote. Alichofanya, kuelekea mwaka 1800, ni kuunganisha vitu vitatu katika mashini moja ya chuma kitupu, yenye nguvu na iliyonyooka: shario inayoshika kisu, visi ndefu ya kuisukuma shario kwa mwendo uliopimwa, na magurudumu ya meno yanayoweza kubadilishwa ili kupata visi za hatua mbalimbali. Turu yake moja ya siku zile inalindwa mpaka leo katika nyumba ya ukumbusho wa sayansi pale London. Ukiitazama picha yake, unaitambua mara moja: ni babu wa turu zetu.

Watu walicheka shario kwa mwanzo. Lakini fikirini: tangu siku ile kisu hakifuati tena mukono, kinafuata mustari. Na mustari unaweza kuandikwa kwa hesabu. Njo pale darasa na atelye vilikutana.

HESABU YA KONI

Tutoe mufano, juu watu wengi wanakwama hapa. Baadaye wafundi waliweka chini ya shario ndogo sahani inayozunguka, yenye alama za digrii. Ukiizungusha kidogo, kisu hakitembei tena sambamba na ekseli, kinakwenda kwa mushazari, na kipande kinatoka koni. Swali ni: kuizungusha digrii ngapi?

Tuseme tunataka kukereza ncha ya ekseli itakayoingia katika kitovu cha gurudumu. Kipenyo kikubwa ni milimita 60, kipenyo kidogo ni milimita 50, urefu wa koni ni milimita 50. Tofauti ya vipenyo ni 10. Gawanya kwa urefu: 10 kwa 50 ni 1 kwa 5. Njo inaitwa konisite: kila milimita 5 za urefu, kipenyo kinapungua milimita 1.

Lakini shario haioni kipenyo. Shario iko upande mumoja tu wa ekseli, inaona nusu ya kipenyo. Kwa hiyo mteremuko wake ni nusu ya konisite: 1 kwa 10, yaani 0,1. Tafuta katika jedwali pembe ambayo tangenti yake ni 0,1: ni digrii 5 na dakika 43. Njo pembe ya kuweka kwenye sahani. Koni nzima, toka upande huu mpaka upande ule, iko na digrii 11 na dakika 25, na mutu asiyefikiri anaweka ile. Matokeo ni nini? Kipenyo kidogo hakitakuwa 50, kitashuka karibu na 40. Chuma kimekatwa, hakirudi. Ekseli nzima imepotea kwa sababu ya kusahau kugawanya kwa mbili.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vinalipitia haraka. Kwa koni, kosa dogo la kipenyo linakuwa kosa kubwa la pahali pa kukaa. Konisite ikiwa 1 kwa 5, kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita katika kipenyo linasogeza kitovu nusu milimita mbele ao nyuma. Konisite ikiwa 1 kwa 20, kosa lile lile linakisogeza milimita 2. Halafu ncha ya kisu lazima iwe sawasawa na katikati ya ekseli. Ikiwa juu ao chini, mustari wa koni hautanyooka, utapinda kidogo katikati, na kitovu kitashika kwenye ncha mbili tu.

Kwa nini kusumbuka na koni, wakati silinda ni rahisi? Juu koni inafanya kazi mbili kwa mara moja: inaweka kitu katikati, na inakishika. Koni yenye mteremuko mudogo sana inajishika yenyewe kwa musuguano. Mikia ya foreti kubwa iko na konisite karibu 1 kwa 20; inaingia kwa kusukumwa tu, na kuitoa lazima kabari. Koni yenye mteremuko mukubwa, kama ile ya mashini za kufreza, haijishiki; inadai visi ya kuivuta toka nyuma. Hata vitovu vya mbele vya Land Cruiser nyingi, zile zinazofungwa kwa mukono wakati wa matope, viko na rondele ndogo za koni zenye mupasuko kando ya ekru. Ukikaza ekru, rondele inasukumwa ndani, inabana, kitovu hakichezi tena. Ukitaka kukifungua, kutoa ekru hakutoshi. Lazima kugongagonga kwa nyundo ya shaba mpaka rondele ziruke. Anayejua koni hashangai. Asiyejua anachukua nyundo kubwa.

HAKIMU WA ATELYE

Turudi kwa Maudslay. Alijua kwamba mashini nzuri bila kipimo ni sawa na mizani bila jiwe. Katika atelye yake alitengeneza kipimo cha visi, chenye kuweza kuonyesha sehemu moja ya elfu kumi ya inchi, karibu milimita 0,0025. Yeye na wafundi wake walikipa jina la hakimu mukubwa wa nchi yao, juu mabishano yote juu ya vipimo yaliletwa mbele yake, na alichosema hakuna aliyekata rufani. Tena kila fundi alikuwa na sahani ya chuma iliyonyooshwa kabisa juu ya meza yake. Ukipaka rangi kidogo juu ya sahani na kuweka kipande juu yake, rangi inaonyesha pahali penye kugusa na pahali pasipogusa. Njia ile ile inatumika mpaka leo kwa koni: tunapaka mustari mwembamba wa buluu juu ya ekseli, tunaiingiza katika kitovu, tunazungusha kidogo, tunatoa. Buluu ikiwa imefutwa urefu wote, koni ni nzuri. Ikifutwa mwisho mumoja tu, pembe si yenyewe, hata kama jedwali liko wazi mbele yetu.

Alikata pia visi moja ya urefu wa futi 5, yenye hatua 50 katika kila inchi. Ekru yake ilikuwa na urefu wa inchi 12, kwa hiyo ndani yake kulikuwa hatua 600 zinazoshikana kwa mara moja. Kama hatua zingetofautiana hata kidogo, ekru isingetembea.

MASHINI ZA PORTSMOUTH

Mashua za vita za Uingereza zilihitaji kapi za mbao kwa maelfu, kwa kuvuta kamba za matanga. Marc Brunel, Mufaransa aliyekimbilia nchi ile, alichora mashini za kuzitengeneza, lakini michoro haikati mbao. Maudslay njo alizijenga, katika miaka ya kwanza ya karne ya 19: mashini zaidi ya 40, kila moja na kazi yake. Kuelekea mwaka 1808 pale Portsmouth watu 10 wasio mafundi waliweza kufanya kazi iliyodai mafundi 110 mbele yake, na kapi zaidi ya 100,000 zilitoka kwa mwaka.

Hapa tusimame kidogo. Sifa ni kubwa, lakini tuulize pia: wale mafundi 100 walikwenda wapi? Mashini inayopunguza taabu inaweza kupunguza pia mukate wa mutu. Jambo hili linatuhusu sisi tunaotafuta kazi kesho. Jibu moja liko katika atelye ya Maudslay mwenyewe: yule aliyejua kukata mbao tu alipoteza nafasi, lakini yule aliyejua kutengeneza mashini na kuzipima alitafutwa kila pahali.

WANAFUNZI WAKE NA MWISHO WAKE

Mwaka 1810 alihamia Lambeth, katika atelye kubwa, na hapo alijenga mashini za muvuke za meli. Atelye yake ilitengeneza pia ngao kubwa ya chuma ambayo Brunel alitumia kuanzia mwaka 1825 kuchimba njia chini ya muto Thames. Lakini kazi yake kubwa labda ilikuwa watu. Joseph Clement, Richard Roberts, Joseph Whitworth na James Nasmyth, wote walipita mikononi mwake. Whitworth njo aliyependekeza mwaka 1841 kwamba visi zote za nchi ziwe na pembe moja, digrii 55, na hatua zilizopangwa, ili ekru ya atelye moja iingie katika bulo ya atelye ingine. Nasmyth alitengeneza nyundo ya muvuke. Maudslay hakuwaficha alichojua. Alipenda kusimama kando ya meza ya kijana na kumuonyesha namna ya kushika tupa, hata alipokuwa tajiri.

Mwanzo wa mwaka 1831 alivuka bahari kwenda Ufaransa kumutazama rafiki mugonjwa. Wakati wa kurudi alishikwa na baridi kali, akafa tarehe 14 Februari, na umri wa miaka 59. Walimuzika Woolwich, katika muji aliozaliwa. Kaburi lake halikuwa la jiwe: lilikuwa la chuma cha kumimina, kilichotoka katika atelye yake, kwa mufano aliouchora mwenyewe.

KWETU SISI

Mutu huyu hakukaa darasani miaka mingi. Wengine watashika neno hili waseme: munaona, hesabu si lazima. Lakini tazameni tena. Yeye alitumia maisha yake yote kuondoa kubahatisha katika kazi ya mukono. Kama angekuwa na jedwali la tangenti tunalolifungua kwa uvivu, angelifungua kwa shukrani. Na wewe unayejua tangenti kwa kichwa lakini hujapata kuona pembe ya digrii 5 na dakika 43 katika chuma, unajua nusu tu ya jambo lile.

Hatusemi wote wawe wakereza chuma. Tunasema tu: anayepita mbele ya atelye asicheke, na anayesimama kwenye turu asikimbie ubao.

Kwa kumaliza, swali kwa wote, hata wale wa darasa la kalamu. Koni iko na kipenyo kikubwa cha milimita 45, urefu wa milimita 80, na konisite ya 1 kwa 10. Kipenyo kidogo ni ngapi, na sahani ya shario izungushwe digrii ngapi? Atakayeleta jibu lenye hesabu yote, sio tarakimu tu, jina lake litaandikwa katika ukurasa unaofuata. Na msisahau kugawanya kwa mbili.